Kibao cha Nimbevva

Kwetu Badami, kusini mwa India, mungu akihama nyumba, mtu huhamia. Wafalme wa zamani walijenga mahekalu mengi kuliko watu wa kuyasalia, na wafalme walipokwisha, yakabaki majumba ya mawe mekundu yenye paa lisilovuja, na pembeni yake maskini wasio na paa. Hesabu hiyo haihitaji mwalimu. Watu waliingia na vyungu vyao na ng'ombe wao, wakawasha moto, na hekalu likachukua jina la mwenye nyumba. Kule Aihole liko moja linaloitwa mpaka leo kwa jina la Ladkhan, Mwislamu kama mimi, na mahujaji wanavua viatu mlangoni pake. Kila nikilipita hilo hucheka peke yangu. La Huchavva silicheki.

Huchavva kwa lugha yetu ni mama kichaa. Hekalu lenyewe ni dogo, liko nje kidogo ya mji, njia ya Mahakuta, na nyuma yake ni mashamba ya alizeti. Nyumba yangu na cherehani yangu viko ng'ambo ya barabara. Mimi ni fundi wa blauzi, Imamsab, na mwanamke anayepimwa mabega huwa anasema yote ya moyoni, maana hana pa kutazama. Kwa hiyo haya nimeyapata kwa Iravva mwenyewe, na mengine nimeyaona kwa macho yangu.

Iravva alizaliwa ndani ya hekalu hilo. Baba yake alikufa mapema, akabaki na mama yake, Nimbevva, mwanamke mwembamba aliyelima vibarua mchana na kusaga mtama jioni. Jiko lilikuwa mlangoni, ng'ombe alikuwa barazani, na wao walilala ndani kabisa, pale alipokuwa akikaa mungu. Kwenye nguzo kulikuwa na wanawake wa mawe, wamechongwa pamoja na wanaume zao, uchi wa mnyama. Nimbevva aliishi nao miaka mingi bila neno. Lakini binti yake alipoanza kukua, akaona haya kwa niaba yake. Akachukua matambara ya sari kuukuu akawafunga wale wanawake viunoni, na huku anasaga anawasuta: "Jistiri, mwana wa watu wewe! Hapa pana mtoto wa kike." Mvua ikinyesha anawavua matambara, anayaanika, anawavisha tena.

Mimi sioni wazimu hapo. Naona mama. Lakini jirani yao, Sangappa, alikuwa akiitaka ile baraza aweke majani ya ng'ombe wake, na Nimbevva alimnyima. Basi akaanza kumwita Huchavva. Ulimi hauna mfupa, na jina baya halichoki kutembea. Kwanza lilisemwa mgongoni, halafu likasemwa kisimani, mwisho hata watu wasiokuwa na ubaya naye wakawa wanasema "napita kwa Huchavva" kama mtu anavyosema anapita kwa muuza chumvi.

Halafu wakaja watu wa serikali kupima mawe. Waliwakuta wanaume wamekaa chini ya mwarobaini, wakauliza hii ni nyumba ya nani. Mmoja akajibu, "Ya Huchavva," na wengine wakaangalia chini wakificha meno. Karani aliyekuwa akiandika alikuwa mtu wa kaskazini, lugha yetu haijui, ila alikwisha kusikia kwamba "avva" ni mama. Akaona hilo ni jina la heshima. Akaliandika vizuri.

Nimbevva na binti yake wakatolewa. Wakapewa kiwanja upande wetu wa barabara, nyumba ya mabati inayochemka mchana kama sufuria. Hekalu likazungushiwa waya, likasafishwa moshi, matambara yakatupwa, na mbele yake kikasimamishwa kibao cha buluu chenye maandishi ya lugha tatu.

Sasa sikiliza jambo linaloniuma mpaka leo. Nimbevva hakujua kusoma. Binti yake vilevile. Waliambiwa tu kwamba kibao kina jina la mwenye nyumba, kama desturi. Basi Nimbevva kila asubuhi akienda kibaruani alikuwa akisimama pale, anakigusa kile kibao kwa vidole, kisha anagusa paji la uso wake, kama tunavyogusa kizingiti cha mahali patakatifu. Wamemtoa nyumbani, lakini wamemwandika. Aliona ni haki. Na waliojua kusoma walimtazama akifanya hivyo, mwaka ukaenda, mwingine ukaja, wasimwambie. Mimi wakati huo nilikuwa Hubli nafundishwa kazi. Sijui kama watu walinyamaza kwa huruma au kwa utamu wa kicheko cha pembeni. Nadhani ni vyote viwili, na hilo ndilo linalonifanya nisiwapende sana watu wa mtaa wangu.

Siku yake ilifika wakati wa sikukuu ya mungu-mke Banashankari, mji ulipojaa mikokoteni na jamaa wa kila kijiji. Ndugu zake Nimbevva wa Bagalkot walikuja. Akawapeleka kuwaonyesha nyumba aliyozalia. Akakigusa kibao mbele yao. Kulikuwa na mtoto wa shule, ana kiherehere cha kusoma kila kitu, akaanza kupayuka herufi moja moja.

"Bibi!" akaita. "Mbona hapa wameandika nyumba ya mama kichaa?"

Wakacheka wote. Wengine walicheka wakidhani mtoto amekosea, wengine walicheka kwa sababu hakukosea. Nimbevva akauondoa mkono. Tangu siku hiyo hakupita tena njia ile. Alikuwa akizunguka mashamba yote ya alizeti kwenda kibaruani, na miguu yenyewe ilikuwa imekwisha kuvimba. Mvua zilipofika hakuwapo tena duniani. Neno alilomwachia binti yake, nalo Iravva alilirudia mara nyingi nikimpima, lilikuwa hili: "Nilikuwa nakigusa kila siku, mwanangu. Kila siku."

Hapo ndipo Iravva aliposhika vita.

Aliolewa, akazaa binti mmoja, Kashavva, akafiwa na mume, akasaga mtama wake kama mama yake. Lakini kazi yake hasa ilikuwa kile kibao. Alikuwa akikipaka samadi, mlinzi anakiosha, anakipaka tena. Wanaotembeza wageni walimwogopa. Namkumbuka mmoja wao, kijana wa miwani ya jua, amesimama na wageni anasimulia habari za mwanamke mwenye wazimu aliyeishi humo na kuongea na mawe. Iravva alitoka nyumbani kwake unga ukiwa bado viganjani.

"Wee! Mama yako ana akili?"

"Dada, mimi nafanya kazi yangu tu."

"Nimekuuliza, mama yako ana akili? Kama anayo, kwa nini hakukupa na wewe kidogo? Huyo unayemtangaza ni mama yangu, ana jina. Anaitwa Nimbevva. Sema!"

"Nimbevva," akasema kijana.

"Waambie hao weupe."

Akawaambia. Alipogeuka, nilimsikia akiwaongezea neno, na wale wageni wakamtazama Iravva kwa kumhurumia, kama mtu anayemtazama mgonjwa. Kumbe wamepata Huchavva wa pili, bado yuko hai, wanaweza kumpiga picha.

Watu wa mtaa wakampa jina lake. Jagalaganti: mwanamke wa ugomvi. Kusema kweli alistahili. Aligombana na walimu wanaoleta wanafunzi, aligombana na dereva wa basi aliyeita kituo "Huchavva! Huchavva wa kushuka!", aligombana na mimi kwa sababu nilimwelekeza mteja kwamba duka langu linatazamana na Huchavva. Alikaa mwezi mzima anashonesha blauzi kwa fundi wa sokoni, na aliporudi zilikuwa zinambana kwapa.

Lakini msimwone ni mtu wa kupenda maneno tu. Kashavva alipofika wakati wa kuolewa, walikuja watu wema kutoka Guledgudda. Wakala mikate ya mtama na chatini ya karanga, wakamsifu msichana kwa rangi na kwa adabu. Wakati wa kuondoka, mama wa kijana akasimama mlangoni akatazama ng'ambo ya barabara.

"Hicho kibao cha nini, dada?"

"Mawe ya zamani," Iravva akasema.

"Mimi najua kusoma," mama yule akasema kwa upole. "Nasikia mlikuwa mkikaa humo. Huyo aliyeandikwa, ni wa kwenu?"

Iravva angeweza kukana. Nilikuwepo, nimepeleka nguo, na kwa macho nilimwomba akane. Akasema, "Ni mama yangu. Hakuwa kichaa."

"Bila shaka," akasema yule mwanamke, akavaa ndara zake. Hawakurudi. Wazimu hurithiwa, watu wanasema, na huo wao ulikuwa umepigwa mhuri wa serikali. Kashavva akaja kuozwa kwa mtu wa vibarua vya ujenzi huko Goa, mbali ambako hakuna asomaye kibao chetu, na akaondoka bila kumshika mama yake miguu kuomba baraka.

Miaka ilienda hivyo. Halafu ofisi ikapata mkubwa mpya, mwanamke wa Dharwad, na ikasikika kwamba vibao vyote vya buluu vitang'olewa, viwekwe vya mawe mekundu, vya kudumu. Iravva alikuja dukani kwangu akifuta jasho.

"Mdogo wangu, funga cherehani. Twende."

"Kwa nini mimi?"

"Kwa sababu mimi nikifungua mdomo watanifukuza. Wewe una ulimi wa asali, mrongo we."

Tukaenda. Yule mama alitupatia viti na akasikiliza mpaka mwisho. Iravva alisema kidogo kuliko nilivyopata kumsikia maishani.

"Ni tusi," akasema yule mkubwa. "Na mimi ni mtu wa lugha hii, naona aibu limekaa miaka yote hiyo. Litaondoka."

"Kuna jina la kuweka," Iravva akasema. "Nimbevva."

"Sikia, mama. Mimi siwezi kuandika jina nililoambiwa na mtu mmoja. Kesho atakuja mwingine na la mama yake. Kanuni ni kwamba tunaandika linaloitwa na watu wa mahali. Watakuja vijana wa kupima, watauliza watu. Watu wakisema Nimbevva, litaandikwa Nimbevva."

Iravva alitoka pale anatembea kama msichana. Mimi moyo wangu ulikuwa mzito. Watu wakisema! Watu hawa hawa?

Kazi aliyoifanya baada ya hapo haina mfano. Alipita nyumba kwa nyumba. Kwenye bomba la maji aliwapanga wanawake kama watoto wa shule.

"Wakija wakiuliza, ni hekalu la nani?"

"La Nimbevva, mama."

"Wewe huko nyuma, mbona sikukusikia?"

"La Nimbevva! Lo, tutachota maji saa ngapi?"

"Utachota ukisema kwa moyo."

Kwenye kinu cha unga ilikuwa hivyohivyo, chini ya mwarobaini hivyohivyo. Mwana wa Sangappa, ambaye sasa ni mzee mwenye bawasiri na hakai vizuri popote, alimwahidi kwa mikono miwili. Nadhani aliahidi kweli. Hakuna mtu aliyekuwa na nia mbaya safari hii, na hilo mnielewe. Wengine walikuwa wanamwogopa, wengine walikuwa wamechoka, wengine waliona ni haki. Ila jina la Nimbevva halikuwa midomoni mwao. Waliomwita hivyo walikuwa wamekwisha kufa. Walichokijua kila siku, masikioni na machoni, kilikuwa Jagalaganti.

Vijana wa kupima walikuja siku ya soko, Iravva akiwa mashambani. Walikuwa watu wa mbali, wanaongea Kihindi cha haraka, na yule mkubwa wa Dharwad alikuwa amekwisha kuhamishwa. Wakauliza pale pale chini ya mwarobaini. Haya niliyasikia kwa masikio yangu, kwa kuwa nilikuwa navuka barabara mbiombio niwahi, na magoti yangu si ya mbio.

"Hekalu la nani hili?"

"La... ngoja, tuliambiwa," akasema mwana wa Sangappa. "Ni la nani jamani? La mama yake nani hii..."

"La mama yake Jagalaganti," akadakia mwingine, kwa kusaidia.

"Haa! La Jagalaganti," wakasema wote kwa pamoja, wamefurahi kwamba wamekumbuka. "La Jagalaganti, bwana."

Kijana akaandika. Nilipofika nikasema, "Hapana, ni Nimbevva, andika Nimbevva." Akanitazama futi yangu shingoni, akanitazama kofia yangu, akasema kwa adabu kwamba yeye ameuliza watu wengi na wote wamesema neno moja. Basi. Maji yalikuwa yamekwisha kumwagika. Niliandika barua ofisini, nikaenda mwenyewe, nikaambiwa mkubwa mpya bado hajafika. Iravva sikumwambia. Nilijipa moyo kwamba labda kuna mtu huko juu anayejua lugha yetu atakayeliona na kucheka na kulifuta.

Hakuwapo. Jiwe lilikuja kwenye trekta, limefunikwa gunia, likasimamishwa penye kibao cha zamani.

Iravva alikuwa amenishonesha blauzi mpya ya kitambaa cha Guledgudda, akavaa na sari ya Ilkal aliyokuwa akiiweka kwa ajili ya kuzikiwa. Alibeba mikate mitamu ya kunde na sukari guru, chakula alichokipenda mama yake. Akanigongea.

"Njoo unisomee, mdogo wangu. Leo nataka kusikia."

Tukavuka. Nililisoma jiwe kwanza kwa macho, ingawa nilikuwa nalijua. Maandishi yalikuwa mazuri, yamechimbwa ndani, si ya kupaka samadi yakafutika.

"Mbona kimya? Herufi zimekuwa kubwa mno kwako?"

"Dada, turudi nyumbani kwanza."

"Soma, Imamsab."

Hakuwa akiniita kwa jina. Nikasoma. Jagalaganti.

Alinitazama kama mtu aliyeitwa kwa mbali. Nilitamani ardhi inimeze, na nilitamani iwameze na wale walio chini ya mwarobaini, wote, pamoja na mti. Nikamweleza jinsi ilivyokuwa. Hakunikatiza, na Iravva kutokukatiza mtu ni jambo la kuogopesha.

"Mama yangu hayumo?" akauliza mwishowe.

"Hayumo."

"Kichaa hayumo?"

"Hayumo, dada. Limefutwa."

"Basi ametoka." Akaketi chini kwenye nyasi, na sari yake mpya. "Nilitaka nimtoe, nimemtoa. Huyu aliyebaki ni mimi." Akacheka kidogo. "Na mimi kweli ni mgomvi, si watu wamenisingizia."

Akainuka, akaligusa jiwe kwa vidole, akagusa paji la uso wake. Mikate tukala mimi na yeye.

Baada ya siku hiyo hakugombana tena. Watu walisema amepata amani. Mimi nasema alikuwa amekwisha. Kwenye bomba walipita mbele yake na ndoo zao, naye akasogea. Dereva aliita kituo "Jagalaganti! Jagalaganti wa kushuka!" na yeye akashuka, ameshika nguzo, pole pole, akasema ahsante. Nilimchokoza makusudi, nilimwambia blauzi yake nimeikosea na hela sirudishi. Akasema si neno. Siku hiyo nilifunga duka mapema.

Alikufa wakati wa joto, nyumba ya mabati ikiwa imefungwa kwa ndani. Sari ya Ilkal ilikuwa tayari.

Kashavva alikuja kutoka Goa baada ya mazishi. Alikuwa amenenepa na amekuwa mwanamke wa heshima, na alikuja na binti yake, mchumba wa mtu, pamoja na mama mkwe mtarajiwa wa binti huyo, naye mtu wa lugha yetu, aliyefuatana nao kuhani msiba. Nilitoka kuwapa pole. Walikuwa wamesimama barabarani kungoja basi, na yule mama mkwe, kwa kupoteza muda, alisogea akasoma jiwe.

"Jagalaganti!" akasema, akashika kiuno kwa kicheko. "Jamani! Huyu ni mtu kweli? Alikuwa nani?"

Kashavva alinitazama. Nilikuwa na jina la Nimbevva mdomoni, na jina la Iravva, yote mawili. Kisha nikamwona akimtazama binti yake, mikono yake imejaa bangili mpya za uchumba.

"Sijui, dada," Kashavva akasema. "Watu wa zamani hao."

Basi likaja, wakapanda.